Hizo dawa hazitengenezi jeni, acheni kutuandikia hivyo

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile ripoti yenu ya dawa za saratani ya damu "zinazotengeneza upya jeni zilizoharibika" nimeshindwa kuinyamazia.

Azasitidini na desitabini, dawa hizo mlizoziandika, hazitengenezi jeni yoyote. Jeni iliyoharibika inabaki imeharibika vilevile. Ni hivi, kwenye seli ya lukemia, yaani hiyo saratani ya damu, DNA inabandikwa vialama vidogo vya kikemikali viitwavyo methili mahali visipotakiwa, vikijaa pale zile jeni za kuiambia seli ikomae au ife zinazimwa, zipo ila zimenyamazishwa. Dawa inajipenyeza ndani ya DNA wakati seli inajigawa, inakinasa kile kimeng'enya kinachonakili vialama, basi seli zinazofuata zinazaliwa na vialama pungufu na baadhi ya jeni zinaamka. Ukiacha dawa vialama vinarudi. Hilo la mwisho nyie hamkuliandika kabisa!

Kaka yangu mkubwa alikuwa na ugonjwa wa uboho kutoa seli mbovu, ule unaoweza kugeuka lukemia, akaanzishiwa azasitidini siku 7 katika kila siku 28. Raundi mbili za mwanzo chembe zake za damu zilishuka kuliko hata kabla ya kuanza, tukalia nyumba nzima, hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mwanzoni mara nyingi inakuwa hivyo, tukavumilia tu, raundi ya tano damu ikapanda na akaacha kuongezewa damu, anatembea, anacheka, anagombana na watoto kama zamani. Halafu akakutana na makala ya namna hii hii ya kwenu, akaikata, akaibandika kwenye daftari lake la vipimo, akaniambia mdogo wangu jeni zimeshatengenezwa, gari likishatoka gereji halirudishwi kila mwezi, na akaacha sindano bila kumwambia daktari. Miezi michache tu ugonjwa ukarudi kwa nguvu, akarudishwa kwenye dawa ileile na safari hii haikumshika. Najua hata angeendelea ungeweza kurudi, kwa wengi unarudi maana dawa hii peke yake si ya kuponya, mimi sisemi makala ndo imemuua. Nasema aliamua kwa habari ya uongo, na ile miezi aliyoipoteza ilikuwa miezi ya kukaa na sisi.

Na hilo neno "mpya" nalo mliache. Azasitidini ilitengenezwa mara ya kwanza Czechoslovakia miaka ya 1960, mwaka 1980 watafiti Peter Jones na Shirley Taylor wakaonyesha kwamba inazuia hivyo vialama kubandikwa, Marekani wakairuhusu kwa wagonjwa mwaka 2004. Kilicho kipya kidogo ni kuichanganya na dawa nyingine, venetoklaksi, kwa wazee wenye lukemia kali ambao mwili hauwezi kemo nzito, na hapo kweli watu waliishi muda mrefu zaidi, wastani miezi 14.7 badala ya 9.6 ya waliopewa azasitidini peke yake. Hiyo ndo habari, iandikeni hivyohivyo na miezi yake, mgonjwa anajua kuhesabu miezi. Na madaktari nao wasielezee mambo haya wakiwa wamesimama mlangoni dakika mbili, mtu akitoka pale bila kuelewa ndo anakuja kuokoteza kwenu.

Ombi langu ni moja. Kila mkiandika kuhusu dawa hizi, aya ya kwanza kabisa, kabla ya picha ya DNA, wekeni sentensi tatu: mara nyingi inahitaji raundi 4 hadi 6 ndipo ijulikane kama inasaidia, damu inaweza kushuka kwanza, na ikisaidia usiache mwenyewe kwa sababu alama zinarudi. Kama nafasi ni ndogo, toeni picha.

Msomaji wenu wa siku nyingi