Barua ya wazi: Mheshimiwa, tufungulie bwawa jioni mbili tu kwa wiki

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zitangulie. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu tatu zilipokelewa ofisini kwako, zikagongwa muhuri, na hadi leo sijajibiwa hata neno moja.

Jumamosi iliyopita nilifika bwawani saa kumi jioni na vijana wangu 11 wa polo ya majini, mchezo wa kuogelea huku mkitupiana mpira na kufunga magoli. Tulikuta geti limefungwa kwa mnyororo mpya. Mlinzi, macho chini, akasema ameagizwa: wacheza mpira wakacheze uwanjani. Yule mdogo wetu kuliko wote alikuwa ameshavaa kofia yake. Kofia zetu zote alizishona mama yake kwa vipande vya kanga, na kwenye masikio akatia ndala zilizochongwa, mpira usije ukampasua mtu ngoma ya sikio. Tukaenda baharini. Maji yalikuwa yamejaa, wimbi likabeba goli letu la madumu, muda wa mazoezi ukaishia kulifukuzia.

Mwaka jana ulisimama mbele ya wazazi ukasema bwawa lile ni la vijana wote. Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Sasa nasikia inasemwa kwamba mchezo huu si wetu, kwamba tutaandaa timu ikaaibike. Nadhani hofu hiyo imetoka Tokyo. Ni kweli, kwenye Olimpiki ile iliyochezwa 2021, wanaume wa Afrika Kusini walifungwa 21-2 na Italia, na 28-5 na Ugiriki. Iliniuma sana. Lakini wale vijana wangezoea lini? Rio 2016 kamati yao wenyewe ya Olimpiki ilikataa kuwapeleka kwa nafasi waliyoipata ya bara la Afrika. Japani walikwenda Rio hiyo hiyo, baada ya kukosekana miaka 32, wakapoteza mechi zote za kundi. Hawakufunga mabwawa. Na huko Tokyo, Japani hao hao ndio waliowafunga Afrika Kusini 24-9. Na Paris 2024 zilishindana timu 12 za wanaume, Serbia ikatwaa dhahabu kwa kuifunga Croatia 13-11, na hapakuwa na timu hata moja ya Afrika.

Huu mchezo una robo nne za dakika nane nane, na mchezaji haruhusiwi kukanyaga chini. Anapiga miguu, anasukumwa, anavutwa, na mpira autupe kwa mkono mmoja. Hayo hayafundishiki kwenye maji ya kifuani, Mheshimiwa, wala kwenye mawimbi. Mtoto akizidiwa baharini namwokoa mimi peke yangu. Kila jioni nawahesabu vichwa, nikifika kumi moyo unasimama mpaka nimwone wa kumi na moja.

Barua ya kwanza niliomba magoli, mipira na nauli ya mechi za nje. Ya pili niliacha nauli. Leo naacha vyote. Naomba Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa moja, bwawa lifunguliwe. Usafi tutafanya wenyewe, kama tulivyokuwa tukifanya.

Nimezungumza na mlinzi. Anasema funguo anazo, akipigiwa simu kutoka kwako atafungua siku hiyo hiyo. Tafadhali, Mheshimiwa, mpigie.

Wako katika michezo,
Kocha wa vijana