Tundu la juu la soketi si la kuchomekea kalamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ili nizungumzie jambo lililozoeleka majumbani, maofisini na kwenye saluni zetu, nalo ni kuchomeka kalamu au njiti katika tundu la juu la soketi ili plagi yenye pini mbili za mviringo ipate kuingia. Nyumbani kwangu tulifanya hivyo kwa miaka, wakubwa kwa watoto, bila kuona kosa lolote.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuwa akipiga pasi sare za shule akasema ananusa plastiki inayoungua. Pasi hiyo tuliinunua ya mtumba, imetoka Ulaya na plagi yake ya huko huko. Nilipozima swichi na kuichomoa, nilikuta pini moja imekuwa nyeusi, na uso wa soketi kuzunguka tundu la kulia umelainika na kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kalamu ilikuwa bado imesimama katika tundu la juu.

Soketi zinazotumika kwa wingi hapa Tanzania, kama zilivyo za Kenya na Uganda, zinafuata kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Pini ya juu ya plagi yake, ambayo ni ya waya wa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ni ndefu kuliko mbili za chini kwa makusudi: hutangulia kuingia, ikafungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya umeme ili mtoto asiweze kupenyeza msumari humo. Kalamu inafungua vifuniko hivyo hivyo, lakini haifanyi kazi nyingine yoyote ya pini ile. Plagi ya pasi yangu ina pini za mviringo zenye unene wa milimita 4.8, ambazo zinagusana na vyuma vya soketi yetu kwa sehemu ndogo tu, na mahali ambapo vyuma havijashikana sawasawa ndipo joto linapozaliwa. Zaidi ya hayo, ethi ya plagi hiyo iko ubavuni, katika vibati viwili ambavyo ndani ya soketi yetu havikutani na kitu chochote. Kwa hiyo tulikuwa tunashika pasi ya chuma isiyo na ethi kabisa, na kama waya wa ndani ungegusa bodi, umeme ungepitia mkononi mwa mtoto.

Kuna na suala la fyuzi, ambalo naona ndilo lisiloeleweka zaidi. Waingereza, walipotaka kubana matumizi ya shaba baada ya vita, walizungusha waya mmoja nyumba nzima na kuulinda kwa fyuzi kuu ya ampea 30. Waya mwembamba wa taa ya mezani ungeungua muda mrefu kabla ya fyuzi kubwa namna hiyo kukatika, ndiyo maana wakaweka fyuzi ndogo ndani ya kila plagi. Kazi yake ni kuulinda waya wa kifaa, wala si kukilinda kifaa chenyewe kama wengi tunavyodhani. Kwa umeme wetu wa volti 230, fyuzi ya ampea 3 inatosha kifaa cha hadi wati 690 hivi, na ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000, yaani pasi au birika la umeme. Anayeweka ya 13 kwenye redio ameuacha waya bila mlinzi, na anayeizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, jambo nililoliona kwa macho yangu, ameiondoa kabisa. Plagi ya pini mbili haina fyuzi hata moja.

Kukata plagi na kufunga nyingine ni kazi ya dakika chache, lakini ifanywe kwa uangalifu. Ukiifungua plagi, pini ya ethi ikiwa juu, waya wa kahawia unakwenda kulia penye fyuzi, wa buluu kushoto, na wa kijani na njano juu. Huo wa ethi uachwe mrefu kuliko wenzake, ili mtu akiuvuta waya kwa nguvu uwe wa mwisho kung'oka. Fundi wa kwanza niliyemwita aliukata akisema hauna kazi, nikamwomba afungue tena.

Wauzaji nao nawaomba waache kutoa pasi na majiko yenye plagi za Ulaya pamoja na adapta za bei nafuu zisizo na fyuzi wala ethi. Pini ya juu ya plastiki haina neno kwenye chaja ya simu iliyochorwa mraba ndani ya mraba, maana chaja hiyo haihitaji ethi, lakini kwenye pasi ni hatari. Shirika la Viwango likague plagi kwa ukali ule ule linaokagua nao kifaa chenyewe.

Na wewe, Mhariri, ukiweza, chapisha picha kubwa ya plagi iliyofunguliwa, nyaya zake tatu zikionekana rangi zake, ili msomaji aikate na kuibandika karibu na soketi anayopigia pasi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam