Barua kwa mwanangu: kanuni ziishie ukurasa mmoja

Nyakato, Mwanza

Mama yangu,

Marahaba. Salamu zako za mama yako na za babu nimezifikisha, na wote wanakusalimu. Huku ni wazima. Mvua zimeanza, kazi za nje zimesimama, kwa hiyo leo nimekaa karakana nikijibu barua yako taratibu badala ya kukuandikia mistari miwili kama mara nyingine.

Nimefurahi kusikia mchezo wetu wa mezani wa vifaru vya vita, vile vidogo vya plastiki, umepata watu bwenini, hadi matroni amewapa meza ya bwalo Jumamosi mchana. Umesema wenzako wawili wameandika kanuni mpya, kurasa kumi na moja, na unataka nikwambie kama mzifuate. Msizifuate. Bakini na ukurasa wetu mmoja. Najua wameumia kuziandika, kwa hiyo nakupa sababu zangu zote, uwaeleze kwa heshima.

Kanuni za nyumbani unazijua kwa kichwa, lakini naziandika tena ili nao wazisome hapa. Mnarusha dadu, mwenye kubwa anaanza. Anasogeza kifaru kimoja na kupiga, nawe kimoja, hivyo hivyo mpaka vyote vipite, ndipo inaanza zamu nyingine. Kifaru kilichosimama kinalenga kwa 4 kwenda juu. Kikiwa kimetembea, au adui akiwa nusu nyuma ya kichaka, ni 5 kwenda juu. Ukilenga sawa, unarusha dadu tena, unajumlisha na nguvu ya mzinga wako, na jumla ikifikia deraya, yaani namba ya chuma cha kinga cha upande uliopigwa, kifaru kimekwisha. Mdogo wako yuko darasa la nne na alizishika siku ileile tulipomfundisha.

Wenzako watasema hizo ni za kitoto, ukweli wa kifaru hauenei humo. Unaenea. Chukua Tiger, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili. Uso wake ulikuwa chuma cha milimita 100, ubavu milimita 80. Mimi mageti nayatengeneza kwa bati la geji 16, kama milimita moja na nusu, na nikipata kazi ya chasi ya trela nashika bati nene zaidi. Chuma cha milimita 100 hakijawahi kuingia karakana hii. T-34 ya Warusi, ile ya mwanzo, ilikuwa na mzinga wa milimita 76, na kwa umbali wa kawaida wa mapigano ulikuwa hautoboi uso ule. Kwenye karatasi yetu mzinga huo una nguvu 2 na uso wa Tiger ni 9. Ukirusha 6 unaishia 8, umekwama. Ubavu wa Tiger ni 7, kwa hiyo 5 au 6 inakutosha. Ni tarakimu tatu tu, lakini zinamlazimisha mwenye T-34 kufanya kile walichotakiwa kufanya Warusi wale kwenye vita vya Kursk, Julai 1943: kusogea karibu, kuzunguka, kuutafuta ubavu. Hakuna aliyemwamuru. Ameona mwenyewe hana njia nyingine.

Ndivyo ulivyonifunga likizo iliyopita. Ulileta T-34 moja katikati ya barabara peupe kabisa, nikajua umeichoka. Nikaipiga. Mbili zilikuwa nyuma ya mawe, na uzi wa mama yako, ule wa kupima nani anamwona nani, tulipounyoosha kutoka kwenye mzinga wangu uligusa jiwe mara zote mbili, yaani sizioni. Zamu iliyofuata moja ikatokea kulia, ya pili kushoto, na kanuni yetu inasema Tiger ikigeuza mzinga kuelekea nyuma inapoteza risasi ya zamu hiyo. Kanuni hiyo nayo ni ya kweli: Tiger iligeuza kichwa chake, kile cha juu chenye mzinga, kwa nguvu iliyotoka kwenye injini, na injini ikiunguruma polepole, kichwa nacho kilikwenda polepole. Nilikuona unahesabu kabla hujagusa kifaru chochote. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, akasahau alichokuwa anapeleka.

Sasa uso wa T-34. Ulikuwa na milimita 45 tu, lakini chuma chenyewe kililazwa nyuzi 60 kutoka wima. Wewe unasoma hesabu: gawa 45 kwa kosaini ya 60. Unapata 90. Risasi inayokuja mlalo inakuta milimita 90 za kupita, na nyingine zinateleza na kuruka. Ndiyo maana nimeupa 7. Mzinga wa milimita 88 wa Tiger una nguvu 5, kwa hiyo bado 2 kwenda juu inaumaliza, lakini mizinga midogo inahangaika sana.

Hapa niruhusu niseme la fani yangu, maana sidhani kama nimewahi kukusimulia lote. Kulikuwa na mhandisi wa Kyiv anaitwa Yevgeny Paton. Vita vilipowafikia mwaka 1941, taasisi yake ilihamishiwa Nizhny Tagil, upande wa milima ya Ural. Huko wakaingiza viwandani mashine za kuchomelea zinazojiendesha, ambapo moto wa umeme unawaka chini ya unga wa fluksi na jicho halioni cheche hata moja. Mshono mrefu wa chuma kinene, ambao ungemtaka fundi wa miaka mingi, ukawa unafanywa na mtu aliyefundishwa muda mfupi kuisimamia mashine, wakiwemo wasichana na vijana wadogo. Na mshono ule ulikuwa mzuri, mama. Mzuri kweli. Baada ya vita Paton akaipeleka kazi ileile kwenye madaraja: mwaka 1953 lilifunguliwa daraja lililopewa jina lake juu ya mto Dnipro, zaidi ya mita 1,500, limechomelewa lote bila ribiti. Mimi nikishika elektrodi huwa namkumbuka mzee huyo.

Je, Paton anahitaji kanuni mezani? Hahitaji. Yupo tayari. Wewe una T-34 tatu na mimi nina Tiger moja kwa sababu yake na ya wenzake. Tiger za aina ile ya kwanza hazikufika 1,400 vita vizima, wakati T-34 zilipita 50,000. Hesabu ya vifaru unavyoviweka mezani inabeba historia nzima ya viwanda bila kuongeza mstari.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Mtu akileta kanuni mpya, muulizeni: inabadilisha nini katika uamuzi wa mchezaji? Ile ya wenzako ya kurusha dadu kuona dereva ameumia mkono gani, haibadilishi kitu, inaongeza kurusha tu. Ya mafuta nayo mchezo unaisha kabla mafuta hayajapungua. Lakini ile ya redio imenipendeza, aliyeifikiria ana akili. T-34 nyingi za mwanzo hazikuwa na redio, na juu ya hilo kamanda ndiye huyohuyo aliyelenga na kupiga, kwa kuwa kichwa kilikuwa cha watu wawili. Nafuu ilikuja mwaka 1944 na T-34 ya mzinga wa milimita 85, yenye nafasi ya watu watatu juu. Sasa yeye ameiandika kwa jedwali mbili. Mwambieni aiandike hivi: T-34 isiyo na redio haiendi zaidi ya sentimita 15 kutoka kwa kiongozi wake. Imetosha. Hapo mchezaji ataumiza kichwa kila zamu, awatawanye kutafuta ubavu au awaweke pamoja wapigwe. Hiyo iingizeni, na jina lake liandikwe pembeni.

Wakibishania umbali, waonyesheni hesabu. Vifaru vyetu ni vya kipimo cha 1 kwa 100, T-34 ina sentimita 6 hivi bila mzinga. Kwa kipimo hicho kilomita moja ni mita 10, ambazo ni kutoka meza yetu hadi geti la jirani, na Tiger iliweza kuua kutoka mbali kuliko hapo. Meza yoyote imeshakunja umbali kabla hamjarusha dadu. Mkishalikubali hilo, hamna sababu ya kugombana kuhusu sentimita mbili.

Nguvu mlizotaka kumalizia kwenye kanuni wekeni kwenye meza yenyewe. Hapa ndipo sisi wa Mwanza tumebarikiwa. Nimekuwekea mawe kutoka mlimani nyuma ya nyumba, yale yenye punje za kung'aa, maana hakuna kilima cha plastiki kitakachofanana na jiwe letu. Panga mawili yakiegemeana kama yalivyo pale Jiwe la Bismarck, acha mwanya mwembamba kati yao, uone watu wanavyougombania mwanya huo mchana kutwa. Sifongo kuukuu ikichanwa na kupakwa kijani ni vichaka. Matete makavu niliyookota ufukweni Igombe nimeyakata urefu wa kidole.

Matete ni wazo la babu yako. Alikuja akakaa, akatazama meza muda mrefu, akasema kifaru kinaogopa tope kuliko kinavyoogopa kifaru mwenzake. Akaniambia nitengeneze barabara moja tu iliyoinuka, kulia kinamasi, kushoto kinamasi, tuone nani atathubutu kuingia. Nilijua anaongelea wapi. Mwaka 1979, kwenye vita na Idi Amin, barabara ya Lukaya kule Uganda ilipita kwenye kinamasi namna hiyo, na tarehe 10 Machi brigedi yetu moja ilipigwa hapo ikatawanyika, hadi kesho yake nyingine ilipozunguka na kupiga kutokea ubavuni, na mwezi uliofuata Kampala ikaanguka. Babu alikuwa mgambo wakati ule. Meza ya kinamasi ichezeni, ni meza nzuri kuliko zote tulizowahi kupanga. Ila msiiite Lukaya, wala msiweke bendera yetu upande wowote. Waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu wa vita hivyo, babu yako bado anawataja kwa majina, na wapo shuleni kwenu watoto ambao babu zao wamelala hapohapo. Wakati mnacheza mkumbuke pia ndani ya T-34 ya kwanza walikaa watu wanne, ndani ya Tiger watano. Ndiyo maana nyumbani kifaru kilichopigwa hatukishangilii, tunakigeuza tu na kukiacha mahali pake.

Kuhusu rangi kubanduka: vile vifaru vya pakiti ulivyonunua Makoroboi ni vya plastiki laini, inayopinda. Rangi haiipendi. Vioshe kwa sabuni ya unga na mswaki, vikauke kabisa, na usivipinde tena baada ya kupaka. Vile vya boksi alilotuma shangazi yako ni plastiki ngumu, hivyo havina tabu. Gundi yake inayeyusha kidogo pande zote mbili na zikikauka zinakuwa kitu kimoja, kama mshono wa kuchomelea, kwa hiyo tone moja tu na dirisha liwe wazi. Nimekuwekea kichupa cha oksaidi nyekundu niliyobakiza kwenye mageti. Wajerumani nao walitanguliza rangi nyekundu ya namna hiyo juu ya chuma, na kuanzia 1943 juu yake ikaja njano iliyofifia. Paka nyekundu, kisha njano, kisha ukwangue kidogo pembeni ambako watu wangekanyaga wakipanda.

Kifurushi nimekipeleka stendi ya Nyegezi, kitafika na basi la Ijumaa. Ndani kuna mawe, matete, dadu nne, futi ya zamani ya mama yako, na Tiger yangu. Ndiyo, nimekuazima, irudi na mzinga wake. Sabuni na dagaa wa kukaanga viko chini kabisa, usiweke mawe juu ya dagaa.

Niandikie mkishacheza kinamasi. Nataka kujua kama sentimita 15 zinatosha kwa redio au tuzifanye 20, na mwenye wazo hilo anasemaje. Mdogo wako naye anauliza kama akifunga likizo ijayo utamwachia T-34 ile yenye namba nyeupe.

Baba yako