Mifumo ya hospitali isomane

Ndugu mhariri, niko Masasi naomba nafasi kidogo. Mama ana sukari, kapewa rufaa toka hospitali moja kwenda nyingine humuhumu mkoani, kufika kule anafunguliwa faili upya, majibu ya damu ya juzi hayaonekani kwenye kompyuta yao ikabidi atobolewe tena na hela itoke tena. Inauma sana! Vituo vingi vya halmashauri vinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa hospitali wa TAMISEMI, baadhi ya hospitali za dini zina mifumo yao, ripoti zinaenda DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, na mgonjwa ni yuleyule mmoja.

Naomba viongozi wa mkoa na halmashauri, kabla hamjasaini mkataba na muuzaji yeyote mwambieni awaonyeshe mfumo wake unavyotuma majibu ya maabara kwenye mfumo wa mwenzake, live, sio kwa maneno, na waiteni manesi na watu wa maabara waujaribu maana ndo wanaoshinda nao, umeme ukikatika inakuaje. Siri za wagonjwa zisiwe kisingizio cha mifumo kutosomana, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, ifuateni.

Msomaji, Masasi, Mtwara