Sikiliza pale anapopunguza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku nyumbani sote wazima. Bibi yako anakusalimu, na mdogo wako amesharudi shule. Baada ya salamu, nataka tuzungumze juu ya ile albamu ya nyimbo za opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa, niliyokutumia, maana jibu lako kwenye simu lilikuwa fupi mno. Ulisema ni mama wa Kizungu anapiga ukelele, ukaizima hata wimbo wa kwanza haujaisha. Kwanza, si Mzungu. Na hilo la ukelele ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa wewe ni mwimbaji, na mwimbaji hapaswi kuipita sauti ile bila kujua amepita nini.

Huyo ni Leontyne Price, mtu mweusi, aliyezaliwa mwaka 1927 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi, huko Marekani. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Mama yake alikuwa mkunga na mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Akiwa na miaka tisa alipelekwa mji wa Jackson kumsikia Marian Anderson akiimba. Marian Anderson huyo ndiye mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa nafasi ya mhusika kwenye jukwaa la Metropolitan Opera, New York, na hilo halikutokea mpaka Januari 1955, sauti yake ikiwa imeshapita ujana. Miaka sita baadaye, tarehe 27 Januari 1961, Price akapanda jukwaa lilelile akiwa Leonora, katika opera ya mtunzi Verdi iitwayo Il trovatore. Inasimuliwa kwamba makofi ya usiku ule yalidumu dakika 42. Albamu yenyewe ilirekodiwa Rome pamoja na okestra ya nyumba ya opera ya mji huo, na kwa sababu ya jalada lake wapenzi wa opera mpaka leo huiita albamu ya buluu.

Albamu ya namna hii, mwimbaji mmoja na nyimbo zilizochomolewa huku na huko, ni ya kale sawa na santuri. Opera nzima huchukua saa mbili, tatu, na upande mmoja wa santuri za mwanzo ulibeba dakika chache tu. Kwa hiyo wakauchukua ule wimbo ambao mhusika hubaki peke yake akatoa lililo moyoni. Huo ndio huitwa aria. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, naye aliimba ndani ya kipimo hichohicho. Hasara ipo, sikufichi: unamkuta mtu katikati ya kilio na hujui nani amemliza. Ndiyo maana nakusihi usome maneno na kisa kabla ya kusikiliza. Mimi nilifanya hivyo, wimbo mmoja mmoja. Taarabu imetuzoesha kwamba shairi ndilo bwana wa wimbo, na mtu asiyelielewa shairi huondoka na midundo tu. Huku nako ni vivyo hivyo, ila mtunzi hurudia maneno machache mara nyingi, kisha huiachia sauti imalizie ambalo maneno hayakuweza.

Jambo jingine: opera huimbwa bila maiki. Okestra nzima iko pale mbele, fidla, tarumbeta, ngoma na yote, na sauti ya mtu mmoja lazima ivuke juu yake ifike kiti cha nyuma kabisa. Nadhani hilo ndilo lililokushtua. Sisi tumekua na maiki mdomoni, tukinong'ona inasikika mpaka barabara ya pili. Lakini sikiliza tena: ukelele hutoka kooni, na koo la mama huyu halijabanwa hata kidogo. Pumzi inashuka chini, mbavu zinatanuka, kisha inatolewa kwa hesabu kidogo kidogo, sauti ikitiririka juu yake. Ndiyo maana anaweza kuivuta sentensi ndefu bila kukata, na ukitega sikio huoni mahali alipovuta hewa.

Sasa nikupe lile ninalotaka ulishike. Kupaza, kila mwenye kifua anaweza. Kazi ni kupunguza ukiwa juu. Sauti ikipungua nguvu hupenda kuteremka, noti ikachuja; ukiizuia kwa nguvu isiteremke inakakamaa, ikawa kama inasagwa. Price anaishusha kama mwanamke anayetua mtungi uliojaa pomoni na tone lisimwagike. Ukubwa wake wote uko hapo. Wanaomsifu kwa noti kubwa wamesifu nusu.

Anza na wimbo wa opera ya Aida unaoitwa O patria mia. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia, ametekwa na kufanywa mtumwa Misri, na wanaomtumikisha hawajui ni binti wa nani. Anampenda jemadari wa Misri, yuleyule anayepigana na watu wake. Usiku, kando ya mto Nile, akimngojea huyo jemadari, anaiaga nchi yake: mbingu zake, vilima vyake, kwamba hataviona tena. Opera hii ilichezwa kwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871. Mwanangu, mwaka huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado linauza watu, lilifungwa 1873. Na Pangani, hapa jirani yetu, misafara ilikuwa ikiteremka kutoka bara. Binti aliyenyakuliwa kwao akasimama kando ya maji akikumbuka milima yake si kitu cha kututafsiria sisi watu wa mwambao huu.

Wimbo unafunguliwa na oboe, ambayo ni jamaa ya nzumari yetu, na inalia peke yake kabla hajaanza. Kisha Price anaingia kwa sauti ya chini, yenye moshi ndani yake, karibu ya kusema. Wapo wanaoiona sauti yake ya chini kuwa nzito mno, haifanani na ile ya juu. Mimi naipenda kuliko zote. Humo nasikia mtu mzima aliyeshaona mambo. Halafu wimbo unakwea, hatua kwa hatua, mpaka noti ya juu ambayo masoprano, wanawake wenye sauti za juu, huiogopa. Wengi huifikia kwa kuirukia, wakaipiga kwa nguvu ili isiwaponyoke. Lakini Verdi aliagiza iimbwe kwa ulaini, maana Aida hapo hamwambii mtu; hakuna wa kumsikia. Price anaifikia kwa ulaini, anaikalia, na kuiacha iende. Ukishasikia hivyo, tafuta video ya tarehe 3 Januari 1985, usiku alioaga jukwaa la Metropolitan akiwa Aida huyohuyo, miaka 57. Baada ya wimbo huu watu walipiga makofi dakika kadhaa, naye akasimama palepale.

Kisha nenda kwa Liù. Huyu ni mjakazi katika opera ya Puccini iitwayo Turandot. Anamwongoza mzee kipofu aliyekuwa mfalme, na anampenda mwana wa mzee huyo kwa sababu siku moja tu, zamani, alimtazama akatabasamu. Hana zaidi ya hilo. Anapoona kijana anataka kuhatarisha roho yake kwa ajili ya binti mfalme mkatili, anamwomba asifanye. Wimbo huo, Signore, ascolta, ni mfupi, dakika mbili na ushee. Noti ya mwisho inaanza ndogo kabisa, halafu inakua, inakua, bila kuguswa na pumzi mpya. Zoezi hilo la kukuza sauti juu ya noti moja ndilo walimu wa uimbaji huwapa wanafunzi miaka na miaka. Lifanye wewe chumbani kwako utaona.

Puccini alifariki Novemba 1924, opera haijaisha. Ilipochezwa mara ya kwanza Milan, tarehe 25 Aprili 1926, kiongozi wa okestra, Toscanini, alisimamisha muziki baada ya kifo cha Liù, kwa kuwa hapo ndipo mtunzi alipofikia. Opera ina jina la binti mfalme, lakini kalamu ya mtunzi iliishia kwa mjakazi. Nalipenda jambo hilo kupita kiasi, na nyimbo zote mbili za Liù zimo kwenye albamu.

Ule wa opera ya Madama Butterfly, Un bel dì, utaufahamu upesi. Msichana wa Nagasaki ameolewa na mwanamaji Mmarekani, mume ameondoka miaka mitatu, naye anamwambia mtumishi wake jinsi siku moja moshi utakavyoonekana mbali baharini na meli kuingia. Nyimbo nyingi huanza chini zikapanda. Huu unaanzia juu, kwa sauti ndogo kana kwamba inatoka mbali, kisha unateremka. Asiyejua kupunguza hauwezi hata neno lake la kwanza.

Vissi d'arte, kutoka Tosca, usijali sana. Anauimba vizuri, lakini wapo walioutia uchungu zaidi, Maria Callas mmojawapo.

Nakuandikia haya yote kwa sababu ya lile ulilonieleza, kwamba prodyuza wako anakwambia kaza, kaza, wimbo hauuziki bila kukaza. Sina ugomvi naye, hiyo ndiyo kazi yake. Ila mimi nimesimama nyuma ya waimbaji hapa Tanga nikiitikia, enzi ambazo mji huu ulikuwa na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na niliona kwa macho yangu wanawake walikuwa wanainuka lini kwenda kutunza. Hawakuinuka kwenye kelele. Walikuwa wakiinuka pale mwimbaji alipoishusha sauti akaliweka fumbo polepole, kila mmoja akadhani ameambiwa yeye. Shakila wetu alijua hilo. Umemsikia tangu ukiwa mgongoni mwangu, na una sauti inayoweza kulifanya. Katika wimbo wako mpya, beti la tatu, pale penye kusubiri barua, umepiga kelele mahali ambapo mwenye maneno yale angekuwa anazungumza na mto wake.

Tafuta visikizi vizuri, si hivyo vya barabarani vinavyokoroma. Usifuate mpangilio wa albamu: Liù kwanza, kwa kuwa ni mfupi, halafu Aida, halafu Butterfly. Zile za Leonora ziache mpaka sikio lizoee. Sikiliza usiku ukiwa peke yako, na maneno mkononi. Ukiona bado ni ukelele, niandikie ni wimbo gani na ni dakika ya ngapi, tubishane. Na ukija Idi, utaniimbia beti hilo la tatu hapa ukumbini, bila maiki, juu kulekule ulikoliweka, kwa nusu ya sauti.

Mama yako