Msingoje maumivu: barua kwa vijana wa bodaboda, Arua

Wanangu wa steji zote za Arua,

Salamu kwenu. Nawaandikia juu ya kile mnachokibana kati ya mdomo wa chini na ufizi mkingoja abiria. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ilipiga marufuku tumbaku isiyovutwa, kuber ikiwemo, lakini mnajua kuliko mimi zile pakiti zinapatikana wapi. Sina nia ya kuwahubiria. Nataka mjue kinachotendeka mle ndani, hadi kansa ya kinywa inapozaliwa.

Ngozi laini ya kinywa ina matabaka. Seli mpya huzaliwa tabaka la chini kabisa, hupanda juu, hufa, hubanduka. Kwa wiki mbili hivi shavu limeshavaa ngozi nyingine. Sumu za tumbaku hupenya hadi kule chini na kuharibu jeni za seli zinazozaliana. Jeni moja, p53, ndiyo breki: huizuia seli iliyoharibika isizaane. Breki ikikatika, seli mbovu huzaa mbovu wenzake, taratibu, kwa miaka. Ukiongeza waragi, mwili na hata bakteria wa kinywani huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu nyingine ya jeni. Kwa anayevuta sigara na kunywa, hatari hizo mbili hazijumlishwi tu, zinazidishana.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni baka jeupe lisilotoka ukilisugua kwa kitambaa. Utando mweupe unaofutika kwa kawaida ni fangasi. Huo nao una matibabu yake, na ni sababu nzuri ya kupima VVU. Mabaka meupe mengi hayageuki kansa, na yaliyoletwa na kuber mara nyingi hufifia wiki chache baada ya kuacha. Baka jekundu kama mahameli ni jambo jingine kabisa: usilale nalo. Huenda seli mbovu zimeshajaza matabaka yote, ila hazijatoboa utando mwembamba ulio chini yake. Wakati huo kukata kidogo kunatosha. Zikishatoboa, zinafikia mishipa ya damu na ya limfu, na kituo cha kwanza ni tezi za shingo.

Na katika muda huo wote, huenda usisikie maumivu hata kidogo. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Mara moja kwa mwezi, simama juani na kioo, mikono safi. Geuza mdomo wa chini nje, utazame hasa pale unapoweka kuber. Vuta shavu. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi, uuvute kulia na kushoto: pembeni mwa ulimi na chini yake ndipo kansa hii hupenda kuanzia. Papasa kwa kidole kama kuna pagumu. Malizia kwa shingo na chini ya taya, ukitafuta uvimbe mgumu usiouma.

Kidonda cha kujiuma kinapaswa kuwa kimefunga ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo, nenda kwa daktari wa meno. Usikichome kwa dawa ya miti shamba, usinunue antibayotiki mara ya pili dukani. Jino likilegea bila sababu, lising'olewe kabla ufizi haujachunguzwa, maana huenda kansa imeshaingia kwenye mfupa; na pengo lisilopona baada ya kung'oa lina maswali yaleyale.

Huko utachomwa ganzi, ukatwe kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kinyama hicho kitoke ukingoni mwa kidonda, si katikati penye nyama iliyokufa, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Watu husema eti kukatwa hueneza kansa; ni uvumi huo, na umewachelewesha wengi. Majibu yakiwa mabaya, mtatumwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Tajeni kuber, sigara na waragi bila kuona haya, na mseme ni miaka mingapi na upande gani wa mdomo. Daktari ataanza kutazama hapo.

Mzee wenu