Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Bustani Zetu za Nyumbani, Oktoba 2023 hadi Septemba 2024

Ndugu wanachama, Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za leo.

Mwaka wetu wa bustani hauanzi Januari. Sisi wa Morogoro tunaanza na vuli, milima ya Uluguru inapojifunika mawingu, na tunafunga Septemba vumbi likiwa limetanda. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Nisimwingilie, ila niseme tu kwamba ada bado inalipwa kwa kusukumana, na wanaosukumwa wanajijua.

Ulikuwa mwaka wa maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kututangazia El Niño mapema, na vuli ikaja kwelikweli. Masika ya 2024 nayo haikutuhurumia. Tulivyoona maji ya bure, wengi tulipanda kila kitu kwa wiki moja, na mimi nilikuwa wa kwanza. Machi nilihamishia miche ya nyanya aina ya Tanya kwenye tuta la bapa, tena nikaibananisha, maana miche ilikuwa imependeza na roho ilikataa kuing'oa. Aprili nikaona madoa ya kahawia kwenye majani ya chini, yamelowa kama yaliyoguswa na mafuta. Ugonjwa wa bakajani huo. Siku chache baadaye shina kwa shina lilikuwa limenyauka kama lililomwagiwa maji ya moto. Sikupata hata nyanya ya kachumbari, na mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Mwezi huohuo kamati ilimtembelea mama mmoja mwenzetu ambaye bustani yake haizidi ukubwa wa sebule. Alikuwa ameinua matuta kiasi cha shibiri moja na nusu, pembeni kachimba mfereji, na maji yalikuwa yakipita humo hadi kwenye migomba ya jirani. Kapanda matembele, kunde za majani na bamia. Tulipomuuliza nyanya ziko wapi, alitutazama kama watoto: "Nyanya ni za kipupwe." Katibu aliandika kauli hiyo kwenye daftari la chama, na sijaona la kuiongezea.

Kipupwe chenyewe, Juni hadi Agosti, kilitupa chainizi, sukuma wiki na kabichi za kutosha kwa waliojiandaa. Wengine tuliacha matuta ya masika yakiwa yameinuka vilevile, ukimwagilia maji yanateremka njiani yanakwenda zake. Msimu wa mvua tuta huinuliwa ili maji yaondoke. Msimu wa ukame huzamishwa likawa kama sinia, ili maji yakae. Jembe ni lilelile, kazi ni ya asubuhi moja, lakini lazima ifanyike kila msimu unapogeuka.

Kuhusu kuvuna maji, naomba tupige hesabu pamoja. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita 1. Bati la mita 5 kwa 6, mvua ya milimita 20, hizo ni lita 600: mapipa matatu ya lita 200, kwa mvua moja tu. Sitawadanganya kwamba mapipa matatu yatafika Agosti. Yanachofanya ni kuvusha mchicha kwenye jua la Januari na Februari, vuli ikiwa imekatika na masika haijafika. Maji ya kipupwe na kiangazi tutayatunza zaidi kwa matandazo: nyasi kavu au majani ya mgomba, yatandikwe baada ya kumwagilia, yasiguse shina. Walioyasukuma hadi shinani mchwa waliwashukuru sana.

Kantangaze hatukumkwepa. Huyu nondo mdogo wa kijivu asili yake ni Amerika Kusini, na Tanzania alionekana 2014. Joto na ukame ndiyo sikukuu yake. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani la nyanya akaacha mabaka meupe, ndiyo maana dawa ya kupuliza juu juu humpita. Waliofanikiwa walichuma majani yenye mabaka kila asubuhi, wakayafunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuanika juani. Kazi ya kuchosha, nakiri. Kwa vidukari vya chainizi, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, yalisaidia wengi.

Hapa kuna jambo lililozua ubishi kikaoni. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, hata mnavu, ni ukoo mmoja. Ukitoa nyanya ukapanda nyanya chungu palepale hujabadilisha zao, umewaachia wadudu na magonjwa nyumba yao. Panda kunde au mchicha kwanza. Aliyebisha sana simtaji, ila bilinganya zake zilimjibu.

Lalamiko la mwaka lilikuwa mbegu. Duka moja lilituuzia nyanya ambazo kitaluni zilitoka mojamoja kama meno ya mzee. Tangu hapo tunapima kabla ya kusia: mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, kimefungwa, kimewekwa mahali penye joto. Mimi nilifungua changu siku ya nane nikahesabu zilizochipua: 6. Pakiti nzima nikairudisha, muuzaji akasema ni hali ya hewa.

Kamati imekubaliana mambo mawili kwa vuli hii. Mchicha usisiwe wote siku moja. Kila baada ya wiki mbili sia nusu tuta, kwa kuwa unavunwa kati ya wiki ya tatu na ya nne, na mwaka huu tulikuwa na wiki za kuwagawia majirani hadi wakatukimbia, kisha wiki za kununua fungu sokoni. La pili ni kuku. Asiye na uzio asije tena kushtaki kuku wa jirani mbele ya kamati.

Mbegu za mnavu zipo. Nilichuma matunda yaliyoiva hadi yakawa meusi, nikayakamulia kwenye maji, nikaosha na kukausha kivulini. Ziko kwenye chupa mezani kwa katibu, na kijiko kipo kando yake. Kila mwanachama kijiko kimoja. Atakayechota viwili, katibu ana daftari.